Waume Wawili wa Adelfina

Adelfina alipata mume wa kwanza akiwa bado amefungwa kwenye khanga. Mume mwenyewe alikuwa mzee Nkeshimana wa kijiji cha Kirushya, Ngara, babu yake mzaa baba. Alimpokea yule mtoto, akamgeuza huku na huku, kisha akamwambia mkewe, "Secilia, wewe sasa pumzika. Nimepata mwingine, na huyu hana maneno mengi." Bibi Secilia akajibu kwamba ashukuriwe Mungu, maana sasa amepatikana wa kumfulia yule mzee mashati. Tangu siku hiyo jina la mtoto likawa hilo. Mke wangu amekula? Mke wangu katoka shule? Mke wangu ana homa, leteni maji.

Baba yake, Gozbert, alikuwa akikata tiketi za mabasi Biharamulo mjini na mama yake yuko naye hukohuko, kwa hiyo Adelfina alilelewa na wazee wale wawili katikati ya migomba na maharage. Alikua akijua kwamba bibi yake ni mke mwenzake. Waligombea mume kutwa nzima, na jioni wakachambua maharage kwenye ungo mmoja. "Shikamoo, mume wangu," ndivyo alivyoamkia kila asubuhi, na mzee akaitikia, "Marahaba, mke wangu." Siku alipovunja kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi ya wageni, mzee alimwita Adelfina, na jina lake mwenyewe likamuuma kuliko fimbo. Lakini neno mjukuu hakuwahi kulisikia kinywani mwa babu yake hata siku moja.

Sekondari alisomea Biharamulo. Akafaulu vizuri, akapata ufadhili wa kwenda Poland kusomea usindikaji wa vyakula, na Kirushya nzima ikaanza kuulizana Poland iko upande gani. Mzee Nkeshimana alimsindikiza hadi barabarani na fimbo yake. "Nenda, mke wangu," akamwambia mbele ya abiria wote. "Lakini ukiolewa na mwingine huko bila kuniambia, nitakuja kwa miguu."

Jamani, yaliyomkuta huko. Baridi aliambiwa, lakini hakuambiwa kwamba utavuta hewa na pua itauma ndani kama umenusa pilipili. Hakuambiwa kwamba mbwa anapanda treni na kukaa miguuni pa bwana wake kama abiria mwenye adabu zake. Kilichomshtua kuliko vyote ni ukimya. Alipanga chumba kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, ghorofa ya tatu, na kwenye ngazi za jengo lile watu walipishana macho yakiwa chini. Adelfina aliwaamkia wote. Mwanamke wa mlango wa pili, aliyeitwa Halina, alikumbatia mkoba wake kifuani kila alipoamkiwa.

Mzee mwenye nyumba aliitwa Zygmunt. Alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mwenye nywele nyeupe pe, na alikula supu yake nyekundu peke yake huku akitazama ukuta. Wiki zikapita. Alikuwa akisema "siku njema" na "usiku mwema", basi. Binti yake wa pekee, Beata, alifanya kazi Ujerumani na alipiga simu Jumapili.

Adelfina alivumilia mpaka akashindwa. Kipolishi alikuwa ameshakipata mwaka wake wa kwanza wa lugha, kwa hiyo siku moja, mzee alipoinamia supu yake, akavuta kiti na kukaa mbele yake. Akamweleza kwamba kwao mtu hawezi kuishi nyumba moja na mzee wa makamo ya babu yake halafu wakakaa kama wagonjwa wa wodi. "Wewe ni babu yangu," akasema, "na babu kwetu ni mume. Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni mke wako, na nataka kujua kwa nini supu hii haina chumvi."

Mzee Zygmunt akaweka kijiko chini. Kisha akacheka mpaka akatoa leso. Kesho yake Adelfina aliporudi kutoka chuoni akamkuta mzee amesimama mlangoni na mikono kiunoni. "Mke wangu," akasema, "umechelewa, viazi vimepoa."

Basi nyumba ikafunguka. Mzee aliyefanya kazi relini maisha yake yote alikuwa na hamu ya treni kama ya mtoto, na sasa akawa amepata wa kusafiri naye. Alimpeleka Adelfina kaskazini kuona bahari ya kijivu, na huko akaona wanawake watu wazima wakivua makoti kwenye upepo ule na kujitosa majini huku wanacheka. Alimpeleka kusini kwenye mgodi wa chumvi wenye kanisa zima chini ya ardhi, sakafu ya chumvi, watakatifu wa chumvi. Adelfina alisubiri kiongozi wa watalii ageuke, akalamba ukuta. Chumvi kweli.

Mwezi wa tisa mzee akamwambia wajiandae kwenda msituni kuokota uyoga. Adelfina akaganda na kikombe mkononi.

"Msituni? Na askari gani?"

Mzee hakuelewa. Adelfina akamweleza kwamba yeye kwao msitu ni ule wa Biharamulo, na alipokuwa mdogo mabasi yalipangwa foleni yakisubiri askari wenye bunduki wayavushe kwa hofu ya majambazi, baba yake akihesabu magari yaliyoingia na yaliyotoka. Mtu hakuingia msituni kwa starehe na kikapu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Siku ya kwenda akaja amevaa kofia yake ya kazi ya reli, ya bluu, yenye beji ya shaba mbele, na mkononi ameshika mwavuli kama bunduki. "Askari wako nimefika," akasema. Wakaenda, wakarudi na kikapu kimejaa.

Kofia ile ndiyo aliyoiona mzee Nkeshimana siku alipoonyeshwa kwa simu huyo mume mwingine. Simu ilishikwa na Abdulkarimu, muuza vitambaa wa Biharamulo, rafiki wa Gozbert, ambaye duka lake lilikuwa na mtandao wa uhakika kuliko nyumba zote za mtaa ule. Babu alisogeza uso mpaka kioo kikajaa pua.

"Wewe ndiye mwizi?" akauliza. Adelfina akatafsiri.

"Ni mimi," akajibu mzee Zygmunt.

"Umemchukua mke wangu, unamzungusha kwenye matreni bila luhusa. Faini yako ni hiyo kofia."

"Mwambie aje aichukue mwenyewe."

Huku dukani watu wakaangua kicheko, na mzee Nkeshimana akatoka mle ndani amenyooka kama kijana. Ikawa ndiyo desturi. Kila alipokwenda Biharamulo kwa mwanawe alipitia dukani kudai kofia yake.

Siku ya Watakatifu Wote mzee Zygmunt alimpeleka makaburini. Adelfina alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa lakini hakuwahi kuona jambo lile: mishumaa kwa maelfu, makaburi yote yanawaka, watu wamesafiri nchi nzima kuja kukaa na marehemu wao. Wakasimama kwenye kaburi la Irena, mke wa mzee. Mzee akavua kofia. "Irena, usinikasirikie," akasema, "nimemleta mke wangu." Adelfina akapiga goti kidogo, kama afanyavyo nyumbani, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, mke mwenzangu." Hakuona kwamba nyuma yao, kwenye kaburi la jirani, alikuwa ameinama Halina na mshumaa wake. Kiswahili Halina hakukijua, lakini Kipolishi cha mzee alikisikia vizuri sana.

Wiki ya pili Beata akaja bila taarifa. Alifungua mlango kwa ufunguo wake na kumkuta Adelfina jikoni, amejifunga aproni ya marehemu mama yake, na baba yake mezani akisema, "Mke wangu, maji yanachemka." Uso wa Beata ukaisha damu. Tumhukumu vipi? Mama yake hana hata miaka mitatu kaburini, baba yake ana umri wa miaka themanini na moja, na hapa jikoni kuna msichana wa miaka ishirini na tatu anaitwa mke. Mtu yeyote wa kwao angefikiri alivyofikiri yeye.

Mzee akajaribu kueleza kwamba ni utani. Beata akauliza utani gani huo unaopelekwa hadi kwenye kaburi la mama. Adelfina akaeleza habari za babu na wajukuu wa Kirushya, na kila alivyozidi kueleza ndivyo Beata alivyozidi kumtazama kama mtu anayetunga. Akaondoka bila kula. Siku chache baadaye Adelfina akaitwa ofisi ya uhamiaji. Imepokelewa taarifa kwamba anamrubuni mzee ili amwoe na apate uraia, alaaniwe aliyebuni neno hilo. Ikithibitika, kibali chake cha kusomea kinafutwa na anarudishwa nyumbani, na masomo alikuwa amebakiza miezi saba.

Adelfina alikaa kitandani. Kuna wizi, kuna uongo, kuna ulevi, hayo yote angeelewa mtu kufukuzwa kwa ajili yake. Lakini kufukuzwa kwa kumwamkia mzee? Aliwaza atafikaje Kirushya, atasema nini barabarani watu wakimuuliza karudi na cheti gani. Alilia, akanawa uso, akaenda kumtafuta Padre Kazimiri.

Padre huyu alikuwa Mpolishi aliyezeekea parokia za Ngara kabla ya kurudishwa kwao kupumzika, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha watu wengi wa Kirushya. Alikubali kuja kutafsiri. "Tutampigia babu yako mbele yao," akasema. "Atasema ukweli, na mambo yataisha." Hata padre, na miaka yake yote Ngara, hakufikiria vizuri.

Siku ikafika. Ofisini walikaa ofisa mmoja mwanamke mwenye miwani, Padre Kazimiri, mzee Zygmunt ndani ya suti, Beata, na Adelfina. Wazee Kirushya walikuwa hawapo. Bahati njema, Gozbert alisema, wote wawili wako Biharamulo, "wamekuja kututembelea kidogo." Simu ikapigwa kwa Abdulkarimu. Kioo kikawaka, na pale palikuwa na duka lake, vitambaa vimepangwa mpaka juu, na mzee Nkeshimana ameketi kwenye kiti cha wateja. Adelfina aliona kwamba babu amekonda. Hakupata nafasi ya kuliwaza hilo.

Ofisa akauliza, padre akatafsiri, "Mzee, unamfahamu msichana huyu?"

Babu akasogea, akamwona Adelfina, uso ukamchanua wote.

"Nimfahamu mala ngapi?" akasema. "Huyo ni mke wangu."

Padre akabaki mdomo wazi. Ofisa akamtazama, akisubiri. Padre alikuwa amekula kiapo cha kutafsiri neno kwa neno, naye akatafsiri. Kalamu ya ofisa ikasimama. Beata akaweka kiganja mdomoni. Na kabla mtu hajasema lolote, uso wa bibi Secilia ukaingia kioo kizima kutoka pembeni. "Na wabaki naye hukohuko," akasema. "Mimi nimechoka kugombana kwa ajili ya mzee mmoja. Huyo mzungu mwenye kofia amchukue, ila ajue mwanamke huyo hajui kuchambua maharage."

Dukani kicheko kikapasuka, Abdulkarimu akacheka mpaka simu ikatikisika mkononi. Ofisini hakuna aliyecheka. Ofisa aliuliza polepole iwapo ina maana kwamba mwombaji tayari ni mke wa mwanaume mwenye mke mwingine.

"Babu," Adelfina akasema. "Babu, leo acha utani. Hii ni serikali. Wakiamini mimi ni mke wa mtu, wananifukuza."

Kule dukani kukanyamaza. Mzee Nkeshimana alimtazama, kisha akamtazama padre, na padre akamthibitishia kwa kichwa. Mshtuko uliompata mzee yule ulionekana waziwazi. Maisha yake yote alikuwa akisema neno lile, na hakuwahi kujua kwamba linaweza kumdhuru mtoto. Akavua kofia yake, akaiweka magotini. Akasimama, akishikilia meza ya Abdulkarimu.

"Andikeni," akasema. "Mimi ni Nkeshimana wa Kirushya. Huyu ni mjukuu wangu. Ni mtoto wa mwanangu Gozbert. Si mke wangu, hajawahi kuwa mke wangu. Sisi hutania tu. Selikali inisamehe."

"Ewe mzee," bibi Secilia akasema chini kwa chini.

Adelfina alisikia neno mjukuu likipita masikioni kama la mtu anayemsemea mtoto mwingine. Alikuwa ameokoka, alijua kwamba ameokoka, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya furaha.

Ofisa akamgeukia mzee Zygmunt. Mzee akasema yeye mke wake ni Irena na yuko makaburini, na kwamba binti huyu anamwita mume ili acheke, na yeye alikuwa hajacheka tangu mazishi. Beata alilia. Padre akaeleza yaliyobaki, akatoa mifano ya vijiji alivyokaa, na mwishowe ofisa akavua miwani, akasema kibali kinabaki kama kilivyo.

Lakini utani ulikuwa umekufa. Mzee Zygmunt, kwa kumwonea haya binti yake, akaanza kumwita Adelfina "bibie", kama unavyomwita mtu wa posta. Supu ikarudi kuliwa kimya. Na simu ya kwanza kutoka Biharamulo ilimkata Adelfina maini.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Babu, yameisha. Wameshakubali."

"Ssh. Selikali ya huko huenda inasikiliza. Soma kwanza. Ukimaliza ukarudi, tutaendelea tulipoishia."

Hakuna kilichomgeuza. Miezi yote ile ikawa mjukuu wangu hujambo, mjukuu wangu unakula, kwa sauti ya adabu, kama mzee anayeongea na mgeni wa kanisani. Kofia hakuidai tena. Kila alipopiga alikuwa Biharamulo, na Adelfina akaona mapenzi ya mzee kwa mwanawe yamezidi. Alihesabu kwamba mwezi wa sita atasimama uani Kirushya, atapiga goti, ataamkia, na mzee ataitikia inavyopasa. Hicho ndicho kilichomsomesha majira yale.

Alikuwa ametoka kwenye mtihani wake wa mwisho, bado amevaa koti jeupe la maabara, Gozbert alipopiga. Baba yake hakuzunguka. Babu amefariki asubuhi, hospitalini Biharamulo. Moyo. Alikuwa akitibiwa hapo tangu mwaka jana, na alikataza Adelfina asiambiwe, asije akaacha masomo.

Tangu mwaka jana. Kumbe siku ile ya ofisi, alipokuwa amesimama ameshikilia meza ya Abdulkarimu, alikuwa ametoka kitandani. Adelfina alikaa chini kwenye korido, palepale wanafunzi wakipita.

Mzee Zygmunt alimkuta akifunga sanduku. Alisimama mlangoni, akaenda chumbani kwake, akarudi na kofia ya bluu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Pole, mke wangu," akasema. "Mpelekee mwenzangu faini yake. Nimechelewa kulipa."

Ndege ilimshusha Kigali, akavuka mpaka wa Rusumo, akapata gari la Ngara. Alifika Kirushya siku ya tatu baada ya mazishi. Udongo ulikuwa bado mwekundu chini ya migomba, na uani wamejaa watu, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Wote wakageuka alipoingia. Alikuwa amepanga atakachosema, kikampotea chote. Akabaki amesimama na kofia ya reli mkononi, akisubiri mtu amwambie pole mjukuu, kama inavyostahili.

Bibi Secilia alikuwa ameketi mkekani, amejifunga kitambaa cha msiba kichwani. Akainua macho.

"Umefika, mke mwenzangu," akasema. "Mume wetu katuacha."

Adelfina akapiga magoti. Bibi akaipokea kofia, akaigeuza, akapangusa beji kwa ncha ya khanga yake.

"Alikuachia maneno," akasema. "Aliniambia jioni ile ya mwisho, akayarudia mara mbili nisije nikasahau. Akasema, mwambie mke wangu kwamba siku ile nilidanganya selikali."

Kisha bibi Secilia akajisogeza pembeni, akapiga mkeka kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa.

"Usikae huko na wajukuu," akasema. "Njoo huku kwa wajane."